Mwaka wa Kwanza, Msimwombe Pesa

Kuanzia mwezi wa sita hivi, kadi za mchango huanza kuzunguka Silibwet. Zamani ilikuwa kadi ya karatasi. Siku hizi ni bango la rangi kwenye gurupu la WhatsApp. Picha ya kijana amevaa suti, jina la chuo, jina la nchi, tarehe ya kusafiri, na chini kabisa namba ya kutuma pesa. Mwenyekiti wa kamati ni fulani, mweka hazina ni fulani. Karibuni wote tumsindikize mtoto wetu.

Sisi tunazipenda kadi hizi, na siyo kwa sababu tunapata ada kidogo kila mchango unapopitia kwetu. Tunazipenda kwa sababu mtu wa bodaboda anatuma hamsini, mama wa mboga anatuma mia mbili, mwalimu anatuma elfu mbili, na siku ya harambee yenyewe hema linajaa mpaka wengine wanasimama juani. Hakuna benki ingemkopesha kijana huyo. Majirani wamemkopesha bila karatasi yoyote.

Shida yetu iko kwenye ile hesabu inayosomwa pale mbele. Viza, tiketi, bima, karo ya muhula wa kwanza. Jumla ni kadhaa. Makofi. Hesabu inaishia pale JKIA kwenye mlango wa kuondokea, na hakuna anayesoma itakuwaje mwezi wa pili, wa tatu, wa saba. Halafu, bila mtu kutamka, kila aliyekaa chini ya hema anapiga hesabu yake kichwani: ikifika Krismasi, huyu naye ataanza kutuma.

Maoni yetu ni haya, na tunajua si kila mzazi atayafurahia. Mwaka wa kwanza mwanafunzi asiombwe hata shilingi moja. Mwaka huo pesa ziende upande mmoja tu, kutoka nyumbani kwenda kwake, na mchango upangwe hivyo tangu siku kamati inapokaa mara ya kwanza.

Pesa za ng'ambo hutoka kwa nani?

Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.95, kulingana na takwimu za Benki Kuu ya Kenya. Ni nyingi kuliko pesa zote ambazo nchi hupata kwa kuuza chai nje, na hilo mtu wa Silibwet anafaa kulisoma mara mbili. Kwa hiyo hatushangai mzazi akiona ndege anaona M-Pesa. Kila mtu hapa anajua boma fulani ambalo nyumba ya mawe ilisimama baada ya mtoto kwenda nje.

Lakini hebu uliza yule mtoto alikuwa nani huko nje. Mara nyingi utaambiwa ni muuguzi aliyeajiriwa, au dereva wa lori, au mtu aliyemaliza masomo miaka mitano iliyopita akapata kibali cha kazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hayumo kwenye kundi hilo. Yeye amepewa kibali cha kusoma. Kazi anaruhusiwa kidogo tu, kama mtu anavyoruhusiwa kuonja chakula jikoni kabla wageni hawajafika.

Hata wale wa zamani tunaowasifu hawakuanza na kutuma. Mwezi wa tisa mwaka 1959, ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya iliondoka na wanafunzi 81 kwenda Marekani, na kufikia 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepitia mpango huo. Nyumbani watu walichanga, Marekani wafadhili wakalipia ndege, vyuo vikatoa nafasi. Faida ambayo nchi iliona ilikuja baadaye, waliporudi na kuwa walimu, wanasayansi, wakuu wa serikali. Wakiwa masomoni, barua ilichukua muda mrefu kufika, na ombi la pesa lingefika likiwa limepoa. Siku hizi ombi linafika kabla hujaweka simu chini. Huo umbali uliokuwa unawalinda wanafunzi, sisi watu wa pesa za simu ndio tumeuondoa. Tunajivunia kuuondoa, lakini ni haki kusema pia kwamba umbali ulikuwa na kazi yake.

Hesabu ya kilo

Tuchukue Ujerumani, kwa sababu vijana wengi wanaiulizia na kwa sababu vyuo vyake vingi vya umma havitozi karo. Ukisikia "hakuna karo" unadhani mambo yameisha. Kumbe kuna masharti. Ili upate viza ya mwanafunzi, mara nyingi unatakiwa kuweka yuro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, Wajerumani wanaiita Sperrkonto, na unapewa yuro 992 tu kila mwezi. Tukichukua yuro moja kuwa shilingi 150, hiyo ni karibu milioni moja na laki nane kwa mwaka, na karibu laki moja na nusu kwa mwezi.

Sasa tuibadilishe iwe majani. Tuseme kiwanda kinakulipa shilingi 25 kwa kilo kila mwezi kabla ya bonasi. Mwezi mmoja wa mwanafunzi Ujerumani ni kilo karibu 6,000 za majani mabichi. Kilo elfu sita! Wewe unayejua mgongo unavyouma ukichuna kilo hamsini kwa siku, fikiria hiyo.

Upande mwingine, hesabu hiyo hiyo ndiyo inayowapotosha watu wa nyumbani. Mwaka 2025 mshahara wa chini Ujerumani ulikuwa yuro 12.82 kwa saa. Saa moja ya kuosha vyombo hotelini ni zaidi ya shilingi 1,900, yaani kilo sabini na kitu za majani. Mjomba akisikia hivyo anasema, "Si afanye kazi masaa kumi tu, atulipie deni la shamba?" Na kwa hesabu ya Silibwet mjomba ana haki kabisa.

Ila kijana hali Silibwet. Bima ya afya peke yake ni zaidi ya yuro 120 kila mwezi, na ni lazima. Chumba kinakula sehemu kubwa zaidi ya kile kinachobaki. Juu ya hapo, sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai amana ya hadi miezi mitatu ya kodi. Na zile pesa za Sperrkonto haziingii mfukoni moja kwa moja. Anahitaji kwanza kufungua akaunti ya kawaida huko, ambayo mara nyingi inataka awe amejiandikisha kwenye ofisi ya mji, ambayo nayo inataka awe na mahali pa kukaa. Wiki za kwanza anaweza kuwa na milioni moja na laki nane kwa jina lake, na akose ya nauli.

Akifanya kazi masaa ishirini kwa wiki, wiki zote, anapata kiasi kama yuro 1,100 kwa mwezi kabla ya makato. Hicho hakizidi sana kile serikali yao inasema mtu mmoja anahitaji ili aishi. Hapo hakuna ya deni la shamba. Na tumesema wiki zote, wakati pia kuna mitihani.

Canada nayo inataka uonyeshe dola zake 22,895 za kujikimu kwa mwaka, kuanzia Septemba 2025, na hizo ni mbali na karo na tiketi. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni mbili. Karo ya mwanafunzi mgeni huko ni mara kadhaa ya ile ya mwenyeji. Hatutaendelea kutaja nchi moja moja. Ukweli ni ule ule na bei tofauti.

Masaa yamehesabiwa

Jambo ambalo halisemwi kwenye hema ni kwamba masaa ya kazi ya mwanafunzi yamewekwa na sheria. Uingereza, kwa wengi wa shahada, ni masaa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Canada ni 24 kwa wiki nje ya chuo, tangu Novemba 2024. Australia ni 48 kwa kila wiki mbili. Marekani ndiyo kali zaidi: mwaka wa kwanza mwenye viza ya kawaida ya mwanafunzi anafanya kazi ndani ya chuo tu, masaa 20 kwa wiki, basi.

Akizidisha, anachohatarisha ni kibali chenyewe. Kwa hiyo mzazi anapopiga simu mwezi wa pili na kusema ndugu yako amefukuzwa shule kwa sababu ya karo, mtoto ana njia tatu. Akopeshe pesa ya kodi yake. Achukue zamu za gizani zinazolipwa mkononi bila risiti. Au adanganye kwamba pesa iko njiani. Wengine wanazitumia zote tatu kwa mwezi mmoja.

Na hiyo ya tatu ndiyo inayokaa nyumbani muda mrefu. Ukiongea na vijana waliopitia hayo, wanakwambia waliacha kupokea simu za nyumbani. Siyo kiburi. Kila simu ilikuwa na bili ndani yake. Mama anadhani mtoto amebadilika, amekuwa mzungu. Mtoto amekaa kwenye chumba ambacho mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, anatazama jina la mama kwenye kioo cha simu mpaka linazima.

Hapa tuseme kitu kuhusu baridi. Watu wa nyanda za chai tunadhani tunaijua baridi. Tunavaa masweta mwezi wa saba, tunaota moto. Baridi ya huko ni bidhaa ya kununuliwa kinga: koti, viatu, glavu, na vyote havikuwemo kwenye bajeti iliyosomwa. Chakula nacho. Mursik hakuna, unga wa ugali unapatikana duka la Waafrika upande wa pili wa mji kwa bei ya nyama. Mambo madogo tu, lakini yanamaliza pesa na yanamaliza moyo, na kijana aliyezoea boma la watu kumi na wawili anajikuta Jumapili nzima hajasema neno kwa mdomo.

Kwa hiyo hata wakati wa kupiga simu ni jambo la kujifunza. Kama yuko Toronto wakati wa baridi, yuko nyuma yetu masaa manane. Ukimpigia saa mbili usiku baada ya kazi, kwake ni saa sita mchana na yuko darasani. Ukimpigia saa moja asubuhi kabla hujaenda kuchuna, kwake ni saa tano usiku. Hiyo ya asubuhi ndiyo nzuri. Piga, msalimie, mwambie ng'ombe amezaa, mpe kogo wake amsalimie, kata. Simu isiyo na ombi mwisho wake ni zawadi, na mtoto anajua tofauti.

"Lakini sisi tumeuza ng'ombe"

Tumeyasikia haya na hatuyapuuzi. Mzazi ameuza ng'ombe wawili, amekodisha nusu ya mashina ya chai kwa mtu mwingine miaka mitatu, amechukua mkopo wa SACCO. Karo inatakiwa kabla ya Septemba, bonasi inakuja Oktoba, kwa hivyo amekopa kwa kutegemea bonasi. Halafu bonasi yenyewe haitabiriki. Mwaka 2025 upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa ilishuka na wakulima wakalia. Sasa huyo mzazi unamwambiaje asubiri mwaka mzima?

Tunamwambia kwamba hesabu hiyo ilifaa kufanywa kabla ya ng'ombe kuuzwa. Mkopo wa kumpeleka mtoto nje uwe ni ule unaoweza kulipwa na kilichobaki nyumbani: chai iliyobaki, maziwa yaliyobaki, mshahara kama upo. Ukiona marejesho hayawezekani bila mtoto kutuma, basi hujapata karo bado. Umemkopa mtoto mwenyewe, naye hajui. Afadhali kuomba chuo kiahirishe nafasi mwaka mmoja, vyuo vingi vinaruhusu ukiomba mapema, kuliko kuondoka na deni ambalo dhamana yake ni masaa ya kijana wa miaka kumi na tisa.

Wapo watakaosema tunawakatisha vijana tamaa. Sisi wenyewe tumesoma, tuna miaka ishirini na kitu, na marafiki zetu wako huko sasa hivi. Tunataka waende. Tuliosomea masoko chuoni tunajua pia bango la wakala wa vyuo linavyotengenezwa: theluji, kofia ya mahafali, meno meupe. Hakuna bango lenye picha ya bili ya stima. Hiyo ni kazi ya bango, hatuilaumu. Kazi ya mzazi ni kuuliza bili ya stima.

Kuna mchezo mmoja ambao tunaupinga kabisa, nao ni pesa ya kuonyesha. Uingereza, kwa mfano, inataka pesa za kujikimu ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Basi familia inakopa kwa mtu, inaweka siku 28, inapiga picha ya akaunti, viza ikitoka pesa inarudi kwa mwenyewe na riba juu. Watu wanaliita jambo hilo ujanja. Ubalozi haukuomba pesa hizo ili zipendeze. Ni makadirio ya kile mtoto atakula. Ukizirudisha, umempeleka bila chakula na ukamwachia deni la riba, na mwezi wa tatu ndiye atakayeulizwa pesa.

Kamati ifanye nini

Tungependa kuona harambee za Silibwet zikisoma bajeti ya miezi kumi na miwili, siyo ya siku ya kuondoka. Wajerumani kwa Sperrkonto yao wametufundisha kitu bila kutaka: pesa ya mwaka mzima ikifungwa na kutolewa mwezi kwa mwezi, haiishi mwezi wa nne. Sisi pia tunaweza. Sehemu ya mchango iende na mtoto kwa wiki zile ngumu za kwanza, iliyobaki iwekwe kwenye akaunti ya akiba yenye kufuli, itolewe tarehe moja kila mwezi. Iwe na watu wawili au watatu wa kutia sahihi, na mmoja asiwe wa familia. Anayechangia mia mbili hana haja ya kutoa mara moja. Anaweza kupanga kutuma hamsini kila mwezi kwa miezi minne. Mama wa mboga ataona hiyo ni rahisi zaidi, tena.

Pia msikusanye kwenye laini ya mtu binafsi. Tangu 2023 laini moja inaweza kubeba mpaka shilingi 500,000 na kutuma mpaka 250,000 kwa mara moja. Mchango wa milioni moja na nusu hautoshei hapo, kwa hivyo mweka hazina anaanza kuhamisha kwa laini ya bibi yake, ya kaka yake, na mwisho hakuna anayejua jumla. Hata awe mwaminifu namna gani, hawezi kujitetea. Tumieni namba ya Paybill iliyounganishwa na akaunti ya kikundi, taarifa ya akaunti itolewe, isomwe kwenye hema, itumwe kwenye gurupu.

Mkituma nje, angalieni kiwango cha kubadilisha pesa, siyo ada peke yake. Kuna huduma zinasema "bila ada" halafu zinakata kwenye kiwango. Ulizeni hivi: nikituma shilingi elfu hamsini, yeye atapokea yuro ngapi mkononi? Linganisheni jibu hilo sehemu mbili au tatu, sisi tukiwemo. Na mtume mara moja kwa mwezi, si elfu tatu tatu kila wiki, maana kila kipande kinalipiwa.

Karo yenyewe iende kwa chuo moja kwa moja, kwa akaunti iliyo kwenye barua ya chuo, pamoja na namba ya mwanafunzi. Tunalisema hili tukikumbuka wenzetu wa Uasin Gishu. Kaunti ile ilikuwa na mpango, ulioanza mwaka 2021, wa kupeleka vijana kwenye vyuo vya Finland na Canada, na wazazi wakalipa karo kwenye akaunti ya mpango. Kufikia 2023 kuna wanafunzi walioambiwa na vyuo kwamba karo yao haijafika na wanaweza kupoteza nafasi zao. Wazazi wakaandamana Eldoret, mambo yakafika kortini. Kesi ni ya korti, hatuiamui hapa. Lakini mzazi aliyekuwa na risiti ya chuo chenyewe angejua mwezi huohuo pesa imefika au haijafika. Kama mpango wa kaunti nzima unaweza kufika hapo, je, wakala anayekuambia umtumie karo kwa namba yake ya simu, "nitakulipia upande ule"?

Namba mpya

Mtoto akishaondoka, wezi nao wanajua ameondoka. Bango lilikuwa na jina lake, picha yake, chuo na tarehe. Wiki mbili baadaye mama anapata ujumbe: "Mama, hii ndiyo namba yangu mpya ya huku, nimepata shida kidogo hospitali, nitumie elfu ishirini kwa namba hii ya rafiki yangu Mkenya." Picha ya wasifu ni ya mtoto kweli, imetolewa kwenye lile bango.

Kwa hiyo kabla hajasafiri, kaeni mezani mkubaliane swali moja. Lisiwe la siku ya kuzaliwa wala la jina la shule, hayo yako Facebook. Liwe jambo la boma: ng'ombe yupi aliuzwa wa kwanza, mbwa aliyekufa mwaka jana aliitwa nani, nani alianguka kutoka kwa mti wa parachichi. Ujumbe wa pesa ukija, hata kama umeandikwa kwa Kipsigis safi, mpigie kwa namba uliyoizoea na umuulize swali. Mtoto wa kweli hatakasirika.

La mwisho ni laini yake ya Kenya. Wengi wanaiacha nyumbani kwa kaka au kwa mpenzi, pamoja na PIN, "ili upokee michango iliyobaki." Laini hiyo ndiyo jina lake la kifedha. Mtu akichukua mkopo wa simu juu yake asilipe, anayeandikwa CRB ni mwanafunzi aliyeko Leipzig, na atajua siku atakaporudi kuomba mkopo wa kwanza wa maisha yake. Aondoke nayo. Awashe huduma ya kutumia laini nje ya nchi akiwa bado Kenya, kwa sababu kuiwasha akiwa huko ni kazi, na aulize mtandao wake kupokea SMS kunatozwa ngapi. Akiitumia kidogo kila baada ya muda haitafungwa kwa kukaa kimya, na namba za uthibitisho za benki zitamfikia. PIN aibadilishe akiwa peke yake, baada ya mikono yote ya kumuaga. Na kama simu yake mpya inabeba laini moja tu, basi hiyo laini ya nyumbani ikae kwenye pochi karibu na pasipoti, isibaki Silibwet kwenye simu ya mtu.